Dodoma hadi Mwanza kwa ndege: namna ya kukokotoa umbali na muda halisi wa safari

Ukiuliza pale stendi ya mabasi ya Nzuguni, Dodoma, kwamba Mwanza iko umbali gani, utaambiwa karibu kilomita 700. Mwenye rula na ramani atapata kilomita 518. Aliyekata tiketi ya kuunganisha Dar es Salaam ataruka kilomita 1,240 kabla hajaliona Ziwa Victoria. Wote watatu wako sahihi. Wametofautiana njia tu, na njia ndiyo inayoamua utaondoka nyumbani saa ngapi.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuzipata namba hizo mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kisha kuzigeuza kuwa saa za safari, kuanzia mlango wa nyumba yako hadi mlango unaokwenda kuubisha. Nimechagua Dodoma na Mwanza kwa kuwa safari hiyo ina karibu kila kitu cha kujifunza, ila hesabu ni ileile kwa Iringa, Tabora, Songwe au Kilimanjaro. Nalisema mapema ninaloliamini: dakika za angani ndizo rahisi kuhesabu, na ndizo chache. Anayepanga safari kwa kuziangalia hizo peke yake huchelewa kikao, huchelewa kliniki, na mbaya zaidi huchelewa mazishi.

Tafuta kiwanja, usitafute mji

Programu nyingi za ramani hupima kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mwingine. Kwa Dodoma tofauti ni ndogo, maana kiwanja kiko ndani ya jiji, jirani kabisa na mitaa ya Makole na Area D. Kwingine hali ni tofauti. Kiwanja cha Iringa kiko Nduli, nje ya mji. Anayekwenda Mbeya anatua Songwe, na bado ana mwendo wa barabara kabla ya kufika Mwanjelwa. Kilimanjaro ndiyo inayowachanganya wengi: kiwanja kiko kati ya Moshi na Arusha, na Arusha mjini ni kama kilomita 50 kutoka hapo. Mwanza nayo, kiwanja kiko Ilemela kando ya ziwa, kama kilomita 10 kaskazini mwa katikati ya jiji.

Kwa hiyo tafuta kwa alama ya kiwanja. Kila kiwanja kina alama mbili. Ya herufi tatu ndiyo unayoiona kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi: Dodoma ni DOD, Mwanza ni MWZ, Dar es Salaam ni DAR, Kilimanjaro ni JRO, Iringa ni IRI, Tabora ni TBO. Ya herufi nne hutumiwa na marubani na waongozaji wa ndege, na kwa Tanzania huanza na HT: Dodoma ni HTDO, Mwanza ni HTMW. Ukiandika hiyo ya herufi nne mtandaoni utapata latitudo na longitudo za kiwanja chenyewe bila kuchanganyiwa na za mji.

Hizi hapa za viwanja tutakavyovitumia, zikikadiriwa hadi dakika nzima (dakika hapa ni sehemu ya sitini ya uzi, si ya saa):

Dodoma: nyuzi 6 dakika 10 kusini, nyuzi 35 dakika 45 mashariki.
Iringa: nyuzi 7 dakika 40 kusini, nyuzi 35 dakika 45 mashariki.
Mwanza: nyuzi 2 dakika 27 kusini, nyuzi 32 dakika 56 mashariki.
Dar es Salaam: nyuzi 6 dakika 53 kusini, nyuzi 39 dakika 12 mashariki.

Fanya zoezi la kwanza na Iringa

Tazama tena Dodoma na Iringa. Longitudo yao ni moja: nyuzi 35 na dakika 45. Maana yake Iringa iko kusini kabisa mwa Dodoma, bila kupinda kushoto wala kulia. Sijui jozi nyingine ya viwanja vyetu inayomfaa anayeanza kuliko hii.

Sheria unayoihitaji ni moja. Dakika moja ya latitudo ardhini ni maili moja ya baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Ndiyo sababu watu wa anga hawakuachana na maili hizo: ramani yao ina rula ndani yake. Uzi mmoja una dakika 60, hivyo ni maili 60, yaani kama kilomita 111.

Toa latitudo ya Dodoma kwenye ya Iringa. Nyuzi 7 dakika 40 kutoa nyuzi 6 dakika 10 ni uzi 1 na dakika 30, sawa na dakika 90. Basi umbali ni maili 90 za baharini. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita 167 hivi. Hesabu imekwisha.

Kwa barabara, kupita Mtera na kupanda milima ya Nyang'oro, safari hiyo ni kama kilomita 260.

Sasa piga ya Mwanza

Mwanza iko kaskazini na pia magharibi ya Dodoma, kwa hiyo tunahitaji pande mbili za pembetatu mraba, ileile ya darasani.

Upande wa kwanza, kusini kwenda kaskazini: nyuzi 6 dakika 10 kutoa nyuzi 2 dakika 27 ni nyuzi 3 dakika 43. Zigeuze zote ziwe dakika: 3 mara 60, jumlisha 43, unapata 223. Hizo ni maili 223.

Upande wa pili, mashariki kwenda magharibi: nyuzi 35 dakika 45 kutoa nyuzi 32 dakika 56 ni nyuzi 2 dakika 49, yaani dakika 169.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Dakika ya longitudo haina urefu uleule kila mahali. Mistari hiyo inakutana kwenye ncha za dunia, kwa hiyo kadiri unavyoiacha Ikweta ndivyo inavyosogeleana. Kwa usahihi unazidisha kwa kosaini (cos kwenye kikokotoo) ya latitudo ya katikati ya safari. Kwenye nyuzi 60, kule Ulaya ya kaskazini, kosaini ni 0.5, na anayeisahau anakosea nusu nzima. Sisi tuko karibu na Ikweta. Katikati ya Dodoma na Mwanza ni nyuzi 4 na kidogo kusini, na kosaini yake ni 0.997. Dakika 169 zinakuwa maili 168.5. Ukiiacha kabisa kosaini katika safari hii, jibu la mwisho linapishana kwa kama nusu kilomita. Hata kusini kabisa mwa nchi, mpakani na Msumbiji, haishuki chini ya 0.97. Basi kwa safari za ndani ya Tanzania, kwa matumizi ya kawaida, unaweza kuiacha na usipate hasara.

Malizia kwa Pythagoras. 223 kwa kipeo cha pili ni 49,729. 169 kwa kipeo cha pili ni 28,561. Jumla ni 78,290, na kipeuo cha pili chake ni karibu 280. Mstari wa moja kwa moja kutoka Dodoma hadi Mwanza ni maili 280 za baharini, kama kilomita 518.

Kwa njia hiyohiyo utapata Dodoma–Dar es Salaam maili 210 (kilomita 389), Dodoma–Kilimanjaro maili 182 (kilomita 338 hivi), na Dodoma–Songwe maili 221 (kilomita 410). Jaribu mwenyewe ya Tabora: latitudo nyuzi 5 dakika 5 kusini, longitudo nyuzi 32 dakika 50 mashariki. Ukipata kilomita 345, au kilomita moja au mbili zaidi, umeelewa.

Kuna kitu kizuri kwenye mstari huu wa Mwanza. Ukiuchora, unapita juu ya mji wa Singida, penye maziwa yake mawili ya Singidani na Kindai, kisha unaiacha Shinyanga mkono wa kushoto. Barabara nayo inakwenda Singida, lakini ikitoka hapo inageukia magharibi mpaka Nzega ndipo inapanda kaskazini kwenda Shinyanga na Mwanza. Mzunguko wa Nzega ndio unaozaa sehemu kubwa ya zile kilomita 180 zinazozidi.

Ndiyo maana siamini kanuni ya "chukua kilomita za barabara, punguza robo". Kwa Mwanza, barabara ni mara 1.35 ya anga. Kwa Dar es Salaam, kupitia Gairo, Morogoro na Chalinze, ni kama kilomita 450, mara 1.16 tu. Kwa Iringa ni mara 1.56. Milima, mabonde na historia ya kila barabara vina maamuzi yake, na hakuna kipimo kimoja kinachozifaa zote.

Kumbuka pia kwamba rubani hafuati rula yako kikamilifu. Ndege za abiria hupita njia zilizopangwa angani, na zikikaribia kutua huzungushwa kidogo zijipange na barabara ya kurukia. Ongeza maili 5 hadi 15 kama unataka kuwa karibu na uhalisia.

Kutoka maili kwenda dakika

Gawa maili kwa mwendo wa ndege, halafu ongeza dakika za kuondoka na kutua. Hiyo nyongeza watu huisahau, na kwa safari fupi ndiyo inayobeba uzito.

Kwanza jua ndege utakayopanda. Air Tanzania hutumia katika safari za ndani Dash 8-Q400 zenye viti 76 na Airbus A220-300 zenye viti 132. Precision Air wanajulikana kwa ATR 72 na ATR 42. Kampuni ndogo hutumia zaidi Cessna Caravan, ya injini moja, inayobeba abiria kama 12. Zikishafika juu na kutulia, ATR 72 hukimbia kama maili 275 za baharini kwa saa, Q400 kama 350, A220 kama 450, na Caravan kama 165.

Maili 280 za Mwanza kwa ATR: 280 gawa kwa 275 ni saa 1.02, yaani dakika 61. Kwa Q400 ni dakika 48. Kwa A220 ni 37. Kwa Caravan ni saa 1 na dakika 42.

Lakini ndege haianzi safari ikiwa na mwendo huo. Inatembea ardhini hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, inapaa kwa mwendo mdogo, inashuka kwa mwendo mdogo, inajipanga, inatua, inatembea tena hadi mahali pa kuegesha. Kipimo changu ni kuongeza dakika 10 kwa Caravan, 20 kwa ATR na Q400, na 25 kwa ndege ya jeti kama A220, maana jeti hupanda juu zaidi na hutumia sehemu kubwa ya safari fupi ikipanda au ikishuka. Basi Dodoma–Mwanza inakuwa saa 1 na dakika 20 kwa ATR, saa 1 na dakika 8 kwa Q400, na saa 1 na dakika 2 kwa A220.

Angalia tofauti ilivyobaki. Jeti ina mwendo mkubwa kuliko ATR kwa zaidi ya nusu, lakini kwa Mwanza inakuokolea dakika 18. Kwa Dodoma–Dar es Salaam inakuokolea kama 13. Kwa hiyo sishauri mtu aongeze pesa au asubiri ndege ya jioni kwa sababu tu "ile ni jeti". Tazama saa ya kuondoka kwanza.

Upepo, joto na mwinuko

Upepo wa kanda ya kati huvuma zaidi kutoka mashariki. Ushahidi uko ardhini: barabara ya kurukia ya Dodoma imelazwa mashariki–magharibi, kwa kuwa ndege hupenda kupaa na kutua zikiukabili upepo.

Tuseme huko juu upepo wa mashariki una maili 20 kwa saa. Ukitoka Dar es Salaam kuja Dodoma unakusukuma, ukirudi unakupinga. Kwa ATR, maili 210 zinachukua dakika 43 ukisukumwa na 49 ukipingwa. Kwa Mwanza, kwa kuwa mstari umekwenda mshazari, unaopata ni kama maili 12 tu za msaada wakati wa kwenda: dakika 58 au 59 badala ya 61, na kurudi dakika 64. Usishangae basi ratiba ikionyesha kwenda na kurudi kwa dakika tofauti.

Joto na mwinuko haviongezi dakika nyingi za angani, ila vinagusa begi lako. Kiwanja cha Dodoma kiko mita 1,119 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, ambako kiwanja kiko mita 55 tu. Mchana wa nyuzi 30 hewa inazidi kuwa nyepesi: kwa hesabu ya marubani, mabawa yanafanya kazi kana kwamba kiwanja kiko kwenye mita 1,900 hivi. Ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi ndipo ipae, na ikiwa imejaa, mhusika anaweza kulazimika kupunguza mzigo. Ndiyo sababu kampuni za ndege ndogo zinakuwa kali na mizani, mara nyingi kilo 15 kwa abiria, begi laini. Ukiwa na mzigo unaoujali, ruka asubuhi.

Asubuhi inafaa pia wakati wa masika yetu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mawingu ya radi hujijenga zaidi alasiri. Rubani akikuta wingu hilo njiani hulizunguka. Mwanza ina tabia yake: ziwa huleta mvua za radi usiku na alfajiri, kwa hiyo ndege ya mapema sana inaweza kuzuiwa kuondoka Dodoma kusubiri hali ya Mwanza itulie. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa miji yote miwili, usiishie kwa wa ulipo.

Soma tiketi kwa saa zetu

Tiketi huandika saa kwa mfumo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane. Kuigeuza: toa sita. 07:10 ni saa 1:10 asubuhi. 13:45 ni saa 7:45 mchana. 19:20 ni saa 13:20 ukitoa sita. Toa tena 12, ni saa 1:20 usiku. Inayohitaji macho mawili ni ile ya baada ya usiku wa manane: 00:40 ya tarehe 12 ni saa 6:40 usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unakwenda kiwanjani jioni ya tarehe 11. Ukimkatia mzazi tiketi, mwandikie saa ya Kiswahili kwenye ujumbe na uongeze neno asubuhi, mchana au usiku. Wazee wengi hukaa na ule ujumbe kuliko karatasi ya tiketi.

Tanzania nzima iko kwenye saa moja, kwa hiyo toa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, hiyo ndiyo safari. Ukienda Kigali au Lubumbashi, huko wako nyuma yetu kwa saa moja, na saa ya kufika iliyoandikwa ni ya huko: ongeza saa moja kwenye tofauti unayoipata. Jua lenyewe halifuati saa ya serikali. Mwanza iko magharibi, kwa hiyo linazama huko kama dakika 11 baada ya Dodoma, jambo linalofurahisha ukitua jioni.

Jambo la mwisho kwenye tiketi: angalia idadi ya vituo. Ndege yenye namba moja inaweza kutua njiani, ikashusha na kupakia, ikaendelea. Hubadilishi ndege, lakini unapoteza dakika 30 hadi 50. Ukiona muda ulioandikwa umezidi sana hesabu yako, jibu ni hilo au ni kuunganisha.

Kama hakuna ndege ya moja kwa moja

Hapa ndipo hesabu nzuri ya kilomita 518 inapokutana na ratiba. Safari za moja kwa moja kati ya viwanja vya mikoani huja na kuondoka kadiri kampuni zinavyopanga ndege zao. Siku zisipokuwepo, unaunganisha Dar es Salaam: maili 210 kwenda mashariki, kisha maili 460 kurudi kaskazini magharibi. Jumla 670, mara mbili na zaidi ya mstari ulionyooka.

Dodoma–Dar es Salaam ni kama saa 1 na dakika 10. Dar es Salaam–Mwanza kwa jeti ni kama saa moja na nusu. Katikati kuna kusubiri, na huko ndiko siku inakoishia. Kwangu, chini ya saa mbili na nusu kati ya kutua na kupaa tena ni kujitafutia wasiwasi, hasa kama kuna begi la kuchukua na kuwasilisha upya. Safari za ndani za mashirika makubwa hutumia jengo la pili, ndege ndogo jengo la kwanza, na za kimataifa jengo la tatu. Kuhama jengo ni kukaguliwa upya.

Kata tiketi moja kwa safari yote kila inapowezekana. Ukikata mbili kwa kampuni mbili na ya kwanza ikachelewa, ya pili haina deni kwako. Unanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo, na bei ya siku hiyo huwa haina huruma.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Chukua mtu anayeishi Kisasa, Dodoma, anayekwenda Nyegezi, Mwanza. Nyumbani hadi kiwanjani dakika 25. Kufika mapema kwa ajili ya kaunta na ukaguzi, dakika 90. Ndege ya ATR, dakika 80. Kushuka na kungoja begi, 20. Ilemela hadi Nyegezi, ukipita katikati ya jiji, 50. Jumla ni dakika 265, saa 4 na dakika 25. Ndege imechukua chini ya theluthi moja.

Kwa kuunganisha Dar es Salaam: 25, 90, 70, kusubiri 150, 90, 20, 50. Jumla dakika 495, saa 8 na robo.

Kwa basi: kilomita kama 700, na mabasi yetu yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa na 50 kwenye makazi. Wastani wa 60, ukihesabu vituo na chakula, ni saa 11 na dakika 40. Ongeza ya kufika Nzuguni na kusubiri, inakaribia saa 12 na nusu. Lakini basi linakushusha Nyegezi penyewe, nauli ni sehemu ndogo ya ile ya ndege, na gunia la karanga halipimwi kwa gramu. Nafikiri ndege ya moja kwa moja inalipa bei yake kwenye njia hii. Ya kuunganisha, kwa mtu anayejilipia mwenyewe, inahitaji sababu.

Kwenda Dar es Salaam kuna swali jingine tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024. Ndege: 25, 90, 70, 20, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere hadi Kariakoo, tuseme 60. Ni dakika 265. Treni, ambayo hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa: 25 kwenda stesheni, 60 kusubiri, kama 210 njiani, 30 kutoka na kufika Kariakoo, kwani stesheni iko katikati ya jiji. Ni dakika 325. Tofauti ni saa moja, wakati nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Kama shughuli yako iko Posta au Kariakoo, panda treni. Kama unaunganisha ndege nyingine pale kiwanja cha Julius Nyerere, panda ndege.

Weka namba zako mwenyewe. Wa Mtumba au Chamwino atahitaji zaidi ya dakika 25 kufika kiwanjani, na wa Area D anaweza kutembea kwa miguu. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, ndege za Dodoma hujaa mapema hasa Ijumaa na Jumatatu, kwa hiyo unaweza kukuta saa uliyoitaka haina kiti.

Kiwanja kipya cha Msalato kitakulazimisha uifanye upya sehemu ya ardhini. Jiwe lake la msingi liliwekwa Oktoba 2022, na kiko kaskazini mwa jiji, kwenye barabara iendayo Kondoa na Arusha. Angani, kwa anayekwenda Mwanza, umbali unapungua kwa kilomita chache, dakika moja au mbili. Ardhini, wa Area D aliyekuwa akitembea atahitaji gari, na wa Veyula, upande huohuo wa kaskazini, atapumua. Tiketi ikitaja Msalato, usiende ulikozoea.

Anza na saa ya shughuli, rudi nyuma

Ukishakuwa na namba zote, usianze kupanga kwa kuangalia ndege inaondoka lini. Anza na saa unayotakiwa kuwa pale. Kikao kiko Nyegezi saa 8:00 mchana. Toa dakika 50 za barabara, ni saa 7:10. Toa 20 za begi, ni saa 6:50. Toa 80 za ndege, ni saa 5:30. Toa saa nzima ya akiba ya ucheleweshaji, ni saa 4:30 asubuhi, yaani 10:30 kwenye tiketi. Ndege inayofaa ni ile inayoondoka Dodoma saa hiyo au kabla. Toa tena 90 za kiwanjani na 25 za kutoka Kisasa: bodaboda au teksi iwe mlangoni saa 2:35 asubuhi. Kama ratiba ya siku hiyo inaanza na 11:00, kata tiketi ya siku iliyotangulia na utafute pa kulala Mwanza.